Somoe Wanayemtaka

Nikicheka, wanatazamana. Nikinuna, wanatazamana. Nikikaa zangu kimya nikachambua mchele bila kumsemesha mtu, ndiyo kabisa: anatoka mmoja jikoni anajifanya kuja kuchukua kisu, kumbe anakuja kunichungulia macho. Jamani, mtu akiwa na homa huulizwa, "Bi Somoe, waonaje hali?" Mie siulizwi. Mie nachunguzwa kama embe sokoni.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba wanachunguza vibaya. Siku kuku wa jirani alipoparua unga wangu niliopangia foleni tangu alfajiri, nikapiga kelele, wakasema, "Keshaanza huyo." Hivi mwanamke gani wa Mtoni asingepiga kelele mwaka ule wa uhaba, unga wenyewe unaupata kwa kusukumana kwenye duka la ushirika mpaka kanga inabaki mikononi mwa watu? Lakini hasira za wenzangu ni hasira. Zangu ni ugonjwa.

Ugonjwa ninao, sikatai. Kwanza waliuita jini. Nikapigiwa ngoma, nikafukizwa ubani, nikavishwa kanga nyekundu, jini likaulizwa linataka nini. Mie kwa kuchoka nikasema linataka pilau. Nikaletewa pilau, nikala, sikupona. Baadaye mume wangu Marijani akanipeleka hospitali mjini, daktari akanikalisha kitako akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, kila mtu ana furaha na ana huzuni. Zako hazina breki. Furaha ikija inapitiliza, huzuni ikija inapitiliza, na siku nyingine zinakuja zote pamoja zinagombania mlango." Akanipa vidonge nimeze kila siku, hata siku ninayojiona mzima. Hasa siku ninayojiona mzima kuliko watu wote.

Sasa tazama na kazi niliyonayo. Mie ni kungwi. Binti akivunja ungo anawekwa ndani, mie nakaa naye chumba kimoja, namfunda yanayompasa mwanamke, mwisho namtoa kwa ngoma. Siku hiyo ya kumtoa mwali, kungwi ndiye wa kutazamwa. Aimbe nyimbo ambazo wanaume wakizisikia wanahama mtaa, akate kiuno, awachokoze wanawake wenzie, alie, acheke papo hapo. Kungwi aliyetulia nani anamtaka? Yaani kazi yenyewe inataka mtu apitilize. Nambie basi, nikipitiliza, nani atajua kama ni ngoma au ni maradhi? Mie mwenyewe sijui, na mie ndiye niliyemo ndani.

Mwanakombo ni mdogo wangu, tumbo moja, na mtoto wake ni mmoja tu, Tunu. Tunu alipovunja ungo, ilipasa afundwe na upande wa shangazi zake. Lakini shangazi zake wako Rufiji, na wakati ule watu wa bondeni walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, kila mmoja anasimamisha kibanda upya na kufyeka shamba upya. Nani angepata nafasi ya kuja Dar es Salaam kukaa na mwali? Mwanakombo akanijia.

"Dada, mwanangu mfunde wewe."

"Mie?"

"Ebo! Sasa nani? Unataka nimpe Hija?"

Hija ni kungwi mwenzangu wa mtaa wa pili. Mwanamke safi, hana kosa, ila akiimba utadhani anasoma tangazo la mkutano wa tawi. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga, nikayafuta haraka kabla hayajatazamwa. Lakini nilimwambia wazi. Nikamwambia, Mwanakombo, mie sasa nameza dawa na sitaziacha. Tena unajua kwetu mwali hatolewi na mkono usiomwingiza. Nikimwingiza Tunu halafu nikashindwa kumtoa, atatolewa na mtu mwingine, na wanawake watamwita mwali wa mikono miwili mpaka azeeke. Mimba ikimtoka, watasema ndiyo hiyo mikono miwili. Mume akimwacha, ndiyo hiyo. Na mie sitaitwa tena kwenye nyumba ya mtu.

"Utamtoa," akasema. "Nani asiyekujua wewe? Watu mpaka leo wanaizungumza ngoma ya binti wa Bi Hamisa."

Hiyo ngoma ya binti wa Bi Hamisa ndiyo iliyoniharibia maisha. Kweli nilicheza, nikaimba nyimbo nilizozitunga palepale, nikawatoa wanawake Mtoni nikawapeleka mpaka Kurasini kwa miguu wanacheka tu, njiani nikampa mpiga ngoma baiskeli ya Marijani, kwa kuwa alipiga vizuri. Wanahadithia hapo. Hakuna anayehadithia yaliyofuata: nililala kwenye mkeka tangu masika mpaka vuli, siogi, sisemi, natamani ardhi inimeze. Hiyo haina nyimbo, kwa hiyo haikumbukwi.

Basi nikamwingiza Tunu ndani. Nikiwa na dawa zangu kinywa kilikuwa kikavu, vidole vinatetemeka kidogo, na nyimbo nilizijua zote ila zilikuja taratibu, moja moja. Lakini nilimfunda yule mtoto vizuri. Nilimweleza jambo likaeleweka ndipo nikaenda jingine, akiuliza namjibu, sikumkaripia hata mara moja. Nilikuwa mzima. Na kuwa mzima si raha, hilo hakuna anayekwambia. Unakaa tu, siku inapita, unalala.

Mwanakombo akawa anapiga hodi mlangoni. "Dada, mbona siwasikii? Nyumba ya mwali kimya hivi, au kuna maiti humo?"

"Tunafundana."

"Kwa Bi Hamisa vicheko vilikuwa vinafika barabarani."

"Basi nenda kwa Bi Hamisa."

Dawa zikawa zinakaribia kwisha. Kungwi akishaingia na mwali haondoki, kwa hiyo Mwanakombo ndiye aliyekwenda hospitali kunichukulia. Akarudi jioni, mikono mitupu, uso umemshuka. "Dada, hakuna. Wamesema mpaka meli ije." Nikaamini. Mwaka ule kilikuwapo kitu gani? Sabuni hakuna, sukari hakuna, mafuta ya kupikia mpaka ujuane na mtu. Ukiambiwa na dawa hakuna, utauliza nini zaidi?

Siku za mwanzo hazikuwa na jambo. Kisha asubuhi moja nikaamka, na nasema nikaamka, si kufumbua macho tu. Kinywa kina mate, vidole vimetulia, nyimbo zinajaa kifuani zinasukumana kutoka. Nikamwimbia Tunu wimbo ambao sijawahi kuusikia maishani, nautunga huku nauimba. Tunu akacheka mpaka akashika mbavu. Mlango ukafunguka, Mwanakombo akaingia na chai ya karafuu, akakaa kizingitini anapiga makofi. "Huyo sasa ndiye dada yangu! Ulikuwa wapi siku zote?" Nami nilikuwa na furaha, wallahi, furaha ya kweli. Nilijiona naelewa kila kitu, nikamwona Tunu mzuri, kanga ukutani nzuri, hata panya aliyepita darini nikamwonea huruma.

Adhuhuri ya siku hiyohiyo Tunu alimwaga uji kidogo kwenye mkeka. Uji kidogo tu. Nilimrushia kata ya maji, ikapita sikioni kwake ikagonga mlango. Nikamwita mjinga, nikamwambia hataolewa na mtu. Halafu nikaanza kulia mie, si yeye. Alasiri nikawa nacheka tena, nimeshaupata wimbo mwingine.

Ikawa ndiyo hivyo kila siku, napanda nashuka, napanda nashuka, na kabla sijakaa sawa huku niliko nishafika kule. Nikajaribu kujishika. Nikaona nikianza kuudhika kwa watu kuwa wazito wa kuelewa, hapo niangalie. Nikianza kutafuta kitu cha kumpa mtu, niangalie. Lakini kuangalia kwenyewe kunataka akili iliyotulia, na mie akili ndiyo iliyokuwa inakimbia! Ni kama kumwomba mwizi alinde duka. Nilichoka, nikachukia, nikajipiga makofi mapajani peke yangu.

Jioni moja Tunu, aliyekuwa hana ruhusa ya kusema na mtu yeyote ila mie, akaniuliza pole pole, "Mama mkubwa, nikuchekee au nikuogope? Nambie tu, nitafanya hilo unalotaka."

Mtoto wa watu nimemweka ndani nimfunde utu uzima, yeye anajifunza kuisoma sura yangu. Nilimwambia alale.

Siku ya kumtoa ilikuwa Jumamosi. Tangu asubuhi uani kumejaa wanawake, masufuria yanachemka, wapiga ngoma wanazikausha ngoma zao motoni. Balozi wa nyumba kumi alitoa ruhusa, akasema watu wacheze, ila wafunge kabla ya magharibi. Nilitoka chumbani mara moja kuangalia mambo, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Hija, amekaa kwenye kigoda, kajifunga vibwebwe kabisa, anangoja.

"Hija, umekuja kula au umekuja kutoa mwali?"

Hija akatazama chini. Marijani akanivuta kando. "Nimemwita mie," akasema. "Akae karibu tu. Usiku kucha umesikika ukiimba. Mke wangu, mie sina baiskeli ya pili."

"Unanitangazia wazimu mbele ya watu!"

"Nakulinda."

"Nenda kamlinde mama yako!"

Wanawake wote wakageuka. Ndiyo hayo macho ninayoyasema. Nikaingia chumbani kwa Mwanakombo, nikafungua sanduku lake kutafuta kanga mpya za Tunu. Nikainua doti ya kwanza, nikainua ya pili. Chini yake kulikuwa na bahasha ya khaki ya hospitali, na ndani yake vidonge vyangu, vimejaa, havijaguswa.

Nilimwita Mwanakombo. Alipoingia akaona kilichoko mkononi mwangu, akafunga mlango kwa mgongo.

"Hii nini?"

"Dada, nilikuwa nitakupa baada ya ngoma."

"Uliniambia mpaka meli ije."

"Ukivimeza unakuwa umepigwa ganzi. Unakaa tu. Ningefanyaje? Mwanangu ni mmoja, sina mwingine wa kumtoa. Nilikutaka siku moja tu. Siku moja dada, uwe wewe mwenyewe, halafu umeze maisha yako yote, mie sitasema neno."

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Na hapohapo, sikiliza udhia huu, nikajiuliza: hii hasira ni yangu au ni ya ugonjwa? Mtu kakuibia akili yako kaifungia sandukuni, na bado unatakiwa ujichunguze kwanza kama una haki ya kukasirika! Nikaamua ni yangu. Yangu kabisa, ya halali. Nikamwambia, "Mwanakombo, umenifanyia ubaya ambao adui hajanifanyia." Sikupiga kelele, nilitamka neno kwa neno. Akaanza kulia.

Nje ngoma ikalia. Walikuwa wanaijaribu tu, lakini miguu yangu iliisikia. Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Kwa sababu nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba nikitoka hivi nilivyo nitawapa ngoma ambayo watu wataihadithia mpaka wajukuu. Nyimbo ninazo. Kiuno ninacho. Mwanakombo atapiga vigelegele mpaka sauti ikauke, na Hija atarudi kwake na vibwebwe vyake. Nilitaka. Wallahi nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Na Tunu atakuwa nyuma yangu, anafuata, hajui ninampeleka Kurasini au baharini, kwa sababu mie mwenyewe sijui.

"Nipe maji," nikasema.

"Dada, mtoe kwanza. Ukishamtoa, meza."

"Nipe maji, Mwanakombo!"

Akanishika mkono. Nikamwondoa. Nikayafuata maji mwenyewe mtungini, nikameza dawa yangu kama daktari alivyosema, nikaenda kukaa na Tunu kungoja iingie. Nje walianza kunung'unika. Wali ulikuwa tayari, wapiga ngoma wanapiga na kuacha, mtu anauliza kwa sauti kama kungwi kajifungia au katoroka. Nami nilikuwa nachemka, nawachukia wote, kisha polepole chuki ikawa nzito, ikakaa chini, na kope zikaanza kunilemea.

Nikamwambia Tunu, "Leo nitatoka nimepoa. Watacheka. Watanicheka mie, si wewe. Nitatembea taratibu na pengine wimbo utanipotea. Usiogope, nitakuwa nimo."

"Nitakuogopea wewe," akasema.

"Hilo sawa."

Tukatoka. Mwanamke mwenye nguvu akamweka Tunu mabegani, kafunikwa kanga mpya, mie mbele. Vigelegele vilipasuka, kila mtu ananitazama miguuni akingoja nianze. Nikaanza. Ulimi ulikuwa mzito, sauti ikatoka ya chini, kiuno kikaenda kidogo kikasimama. Niliimba wimbo wa kwanza wote, na wa pili wote. Katika wa tatu maneno yakanitoka kabisa, nikabaki mdomo wazi katikati ya njia. Kisha sauti ikaudaka wimbo nyuma yangu, ileile sauti ya tangazo la mkutano wa tawi, imenyooka, haipandi haishuki. Hija. Hakuja mbele, hakunigusa, aliimba tu pale alipo mpaka maneno yakanirudia, kisha akaniachia.

Nilisikia walivyosema. Somoe kaisha. Somoe karogwa. Wengine walikula wakaondoka jua lingali juu. Tuliuzunguka mtaa mara moja, tukarudi uani, nikamshusha Tunu kwa mikono yangu miwili, mikono ileile iliyomwingiza. Alinitazama nikaona hanichunguzi. Basi. Mwali katoka.

Baadaye tulibaki mie na Mwanakombo tunasugua masufuria kwa mchanga na majivu, sabuni hakuna. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa, na nilikuwa bado nimekasirika, nikasugua sufuria moja mpaka ikataka kutoboka.

"Hawakucheza," akasema mwisho. "Mwanangu kapita njiani kama anapelekwa zahanati."

"Katoka."

"Katoka, ndiyo. Sijakataa." "Mama alipokufa mie nilikuwa mdogo. Nilikuwa nalia kutwa. Unakumbuka? Ulinifunga mgongoni, wewe mwenyewe mtoto, ukacheza nami uwanja mzima, unaimba vichekesho vya matanga ambavyo havijawahi kuimbwa, wazee wanakukemea, wewe huachi, mpaka nikacheka. Siku ile nilijua sitakufa." Akafuta uso kwa mkono wenye majivu. "Yule. Mie nilimtaka yule. Daktari anamtia dawa ya kumwondoa, na nyie nyote mnashukuru, mnasema kapona. Hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza mie kama nilikuwa nishamaliza kuwa naye."

Nilikuwa na maneno tele ya kumpa. Yule mgonjwa, Mwanakombo. Yule akishacheza analala kwenye mkeka msimu mzima, na ni wewe uliyekuwa unamwogesha, unamlisha kwa kijiko, umesahau? Yalikuwa mdomoni. Lakini nilipomtazama nikaona hajasahau. Alimwogesha, akamlisha, na bado anamtaka.

"Unadhani mie simtaki?" nikamwambia. "Kila asubuhi nikishika kikombe cha maji, namsikia yuko mlangoni, ana nyimbo mpya. Namfukuza. Mie mwenyewe, kwa mkono wangu, kila siku ya Mungu, namfungia nje dada yako."

Akanisogezea sufuria nyingine, tukaendelea kusugua.